Fukusi hana jembe

Jumamosi nilichimba tuta la mwisho la viazi vitamu kule Hombolo, Dodoma, nikapasua kimoja papo hapo. Ndani ni vijia vyeusi vilivyojaa kinyesi, na funza wa fukusi, mdudu wa viazi: mweupe, kichwa cha kahawia, hana mguu hata mmoja, kajikunja. Nikakata upande uliosalimika nikauchemsha. Uchungu wake! Mbuzi wa jirani waliunusa wakaenda zao.

Kumbe uchungu ule si wa mdudu. Kiazi chenyewe kikitafunwa hutengeneza kemikali za kujihami, na kuchemsha hakuziondoi.

Tangu Julai nilikuwa namlaumu aliyeniuzia marando ya mbegu. Lawama hakosi kabisa, maana fukusi hutaga pia kwenye shina karibu na ardhi, ndiyo sababu mbegu huchukuliwa nchani, sentimita 30 hivi. Ila mlango niliufungua mwenyewe.

Fukusi mzima ni mweusi, milimita 6 hadi 8, ungemdhania sisimizi mwenye pua ndefu. Ukimgusa anajifanya amekufa. Adui wa mizizi, lakini kuchimba hawezi! Kiazi kikiwa kimefunikwa vizuri hakifikii, anangoja ufa. Akishapenya anatoboa kishimo, anaweka yai moja, anaziba kwa kinyesi chake. Baada ya mwezi hivi yai lile limeshakuwa fukusi kamili, humo humo ndani.

Na udongo wangu ni wa mbuga. Mvua ikikata unapasuka mpaka kiganja kinazama. Mimi nami viazi naviacha ardhini, nachimba vya kupika siku hiyo tu, hadi Agosti. Ghala la bure, nilijisifu. Bibi wa shamba la pili alipita Juni, akachungulia nyufa zangu, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi viazi unavitunza au unawafugia wadudu?" Nikacheka. Yeye alikuwa amepandishia matuta udongo mara mbili, na wiki ile ile alichimba vyote, akakata vipande, akaanika.

Jana nimeng'oa masalia na kuyachoma, maana shina moja likibaki linawalea hadi mvua za Desemba. Hapo nitapanda mtama. Imebaki kona ya matembele karibu na kisima, ambayo mke wangu hataki hata kusikia habari ya kuing'oa. Nimeikagua usiku kwa tochi. Nimekuta watatu.