Fizikia niliyoambiwa niiache

Doa la manjano kwenye shati jeupe ukilipaka sabuni ya kipande hugeuka jekundu kama damu iliyokauka. Kwetu Likoni, Mombasa, hakuna mtoto asiyelijua hilo, na mimi nililijua zaidi ya wengi, maana mamangu alikuwa akiuza viazi vya karai karibu na feri na kila jioni nilikuwa nikimsaidia kukoroga unga na manjano. Nilipokuwa kidato cha pili, mwaka 2016, nilifika shuleni na doa kama hilo kwenye mkono wa shati. Mwalimu wa kemia alilitazama, akaniuliza kama nyumbani tuna ndimu. Nikamwambia zipo. Akasema, "Basi leo ukifika, kamulia tone moja hapo, kesho uje unieleze."

Nilikamulia. Wekundu ukaondoka, manjano ikarudi pale pale, mbele ya macho yangu na ya mamangu. Kesho yake mwalimu akanieleza kwamba manjano ni kiashiria, sawa na litmasi tuliyokuwa tukiisoma vitabuni: kwenye asidi hubaki ya manjano, kwenye alkali kama sabuni hugeuka nyekundu. Siku hiyo ndipo nilipoamini kwamba kemia ni kitu kinachotokea kweli, hata nyumbani kwetu.

Mwisho wa mwaka huo tukaletewa fomu za kuchagua masomo. Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu), kidato cha kwanza na cha pili kila mtu alisoma sayansi zote tatu, yaani baiolojia, kemia na fizikia. Kuanzia kidato cha tatu sharti lilikuwa angalau mbili, pamoja na hisabati, Kiingereza na Kiswahili ambazo hazikuwa na hiari. Shuleni kwetu, shule ya wasichana ya kutwa, ilikuwa kama desturi: kemia na baiolojia unabaki nazo, fizikia unaiacha. Mwalimu mmoja alipita darasani akatuambia wazi kwamba fizikia itatushushia gredi. Wenzangu karibu wote wakaikata. Mimi nilirudi na fomu nyumbani bila kuandika kitu.

Mjomba wangu ni fundi wa injini za boti. Hakumaliza sekondari, lakini yeye ndiye aliyenisaidia kuliko mtu yeyote. Alisema, "Mwanangu, mimi sijui vitabu vyenu. Najua kwamba vijana wanaokuja bandarini na vyeti vya uhandisi wote walisoma fizikia. Wewe usiufunge mlango ambao hujajua kama utautaka." Nilikwenda kuuliza, nikakuta ni kweli. Vyuo vikuu hapa Kenya hupanga wanafunzi kwa makundi ya masomo, na kozi za uhandisi hudai fizikia, kemia na hisabati. Udaktari nao unadai baiolojia na kemia. Mwenye sayansi zote tatu ana nafasi ya kwenda kokote kati ya huko. Nikaandika zote tatu.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu nilipata 19 kwa mia kwenye fizikia.

Nilikaa na karatasi ile feri nzima, tangu ng'ambo ya kisiwani hadi Likoni, bila kuzungumza na mtu. Tatizo nililijua. Maabara yetu ilifunguliwa kwa nadra, na ilipofunguliwa tulikuwa wasichana sita kwenye bureti moja, ule mrija wenye vistari wa kupimia na kudondoshea kimiminika. Mmoja anashika, watano wanaandika namba alizosoma yeye. Fizikia ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu tulikariri fomula kama mashairi na hatukugusa chochote. Ilhali kila somo la sayansi kwenye KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, lina karatasi tatu, mbili za nadharia zenye alama 80 kila moja na ya tatu ya vitendo yenye alama 40. Arubaini kati ya mia mbili ni sehemu ya tano ya mtihani wote, na sehemu hiyo sisi tulikuwa tukiitazama kwa mbali.

Niliamua nitafanya vitendo nyumbani, kwa chochote nilichonacho.

Nilianzia pale nilipokuwa nimeketi. Wanaovuka Likoni kila siku wameona feri inavyozama kidogo kila gari linapopanda, na inavyoinuka yakishuka. Nilikuwa nimeiona tangu utotoni bila kuiuliza kitu. Sheria ya kuelea inasema chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe. Lori likipanda, uzito umeongezeka, basi lazima feri ikae chini zaidi ili isukume maji mengi zaidi. Nilisimama kila asubuhi nikilinganisha ubavu wa feri na mstari wa maji. Kisha nyumbani nikatia yai kwenye gilasi ya maji ya bomba, likazama. Nikaongeza chumvi kijiko baada ya kijiko hadi likainuka. Tangu hapo swali la densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake, halikunipiga tena chenga.

Pendulamu ndiyo iliyonifunza zaidi, kwa sababu nilikosea. Mjomba alinipa nati nzito ya chuma. Nikaifunga kwa uzi, nikauning'iniza kwenye fremu ya mlango, nikapima urefu kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya nati: sentimita 25, 50, 75 na 100. Kila urefu niliivuta nati pembeni kidogo tu, nikaiachia, nikahesabu mizunguko 20, kila mmoja ni kwenda na kurudi, kwa saa ya simu ya mamangu. Unahesabu ishirini kwa sababu kidole chako huchelewa kidogo kubonyeza, na kuchelewa huko ukikugawa kwa ishirini kunakuwa kitu kidogo mno. Nikagawa nikapata muda wa mzunguko mmoja, nikauzidisha kwa wenyewe, nikachora grafu dhidi ya urefu. Mstari ukatoka mnyoofu, umepita kwenye sifuri. Nilifurahi sana. Nikatafuta mchapuko wa mvutano wa dunia kutokana na mwinuko wa ule mstari, nikapata karibu 10.9. Kitabu kinasema 9.8.

Nilirudia siku tatu. Mstari mnyoofu vilevile, na jibu ni lile lile. Nilimpelekea mwalimu wa fizikia daftari. Hakuuliza habari za fomula wala hesabu. Aliuliza, "Unaanza kuhesabu wapi?"

"Nikiachia nasema moja, mwalimu."

"Ukiachia ni sifuri, binti."

Nilikuwa nimehesabu mizunguko 19 na kuiita 20, kwa kila urefu. Kwa sababu kosa lilikuwa lile lile kila mara, grafu haikuonyesha dalili yoyote. Nilirudi nyumbani nikaanza na sifuri: uzi wa mita moja ukachukua sekunde 40 badala ya 38, na jibu likaja pale linapotakiwa kuwa. Kama ningelifanya jaribio hilo maabara, katika kundi la watu sita, mwenzangu angehesabu nami ningenakili, na kosa lingenifuata hadi chumba cha mtihani.

Kwenye kemia nilitaka mkono wangu uzoee kutitiri, yaani kudondosha asidi kwenye alkali hadi pale rangi inapobadilika. Sikuleta asidi ya maabara nyumbani, nawe unayesoma usilete. Nilitumia ndimu na magadi, yale yale ya kuchemshia maharagwe. Niliyeyusha magadi kwenye maji, nikayachuja kwa kitambaa. Manjano haiyeyuki vizuri kwenye maji, basi nikailoweka kwenye spiriti ya duka la dawa, mbali na jiko kwa sababu spiriti hushika moto upesi. Matone machache ya manjano kwenye gilasi ya magadi, yote yakawa mekundu. Bureti yangu ilikuwa sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Chini ya gilasi nikaweka karatasi nyeupe ili nione rangi sawasawa.

Mara za kwanza nilipitiliza kila mara. Unasukuma, povu linapanda, rangi bado nyekundu, unasukuma tena, na ghafla imekuwa ya manjano na hujui ni tone lipi lililoigeuza. Ilinichukua kama wiki mbili kujifunza kusubiri: mwanzoni unaweza kwenda haraka, lakini rangi ikianza kufifia pale tone linapoangukia, hapo unadondosha moja, unatikisa, unatazama, ndipo unadondosha jingine. Nikagundua pia kwamba kila ndimu ilinipa namba yake, kwa sababu haziko sawa kwa ukali. Tangu hapo nikawa nakamua ndimu nyingi kwenye kikombe kimoja, nachuja, natumia maji hayo hayo kwa vipimo vyote vitatu. Hapo namba zikaanza kukaribiana. Siku nilipopata vipimo vitatu vilivyopishana kwa kistari kimoja tu cha sirinji, nilimwita mamangu aje kuona. Alitazama gilasi tatu zenye rangi moja, akasema, "Hongera mwanangu. Sasa nirudishie ndimu zangu."

Baiolojia haikunisumbua sana. Mwalimu wetu alitupeleka mara moja kwenye mikoko ya hori la Tudor, upande wa Mikindani, akatufanya kila mmoja alambe jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko. Lina chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na hutoa chumvi kupitia majani, na mizizi yake huchomoza juu ya tope kama penseli ili ipate hewa. Swali la osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea kwenye chumvi nyingi, sikulisomea tena baada ya hapo.

Mtihani wa vitendo wa kemia, mwaka 2018, kila mtu alikuwa na bureti yake. Nilipoishika mkono haukutetemeka. Kipimo cha pili na cha tatu vilitoka sawa, na nikakumbuka kuandika tarakimu za desimali kwa mtindo mmoja kwenye jedwali lote, jambo dogo ambalo hukata alama za wengi. Fizikia nilimaliza na B. Kemia A-. Najua wapo wanaopata zaidi, lakini mimi nilitoka kwenye 19.

Leo kazi yangu ni ufundi wa maabara katika shule ya sekondari. Mimi ndiye ninayepima kemikali, ninayejaza chupa, ninayehakikisha bureti hazivuji, na ninajitahidi sana mlango wa maabara ukae wazi hata saa za mapumziko.

Mwaka 2025 binti wa kaka yangu alikuwa Gredi ya 9, katika kundi la kwanza la mtaala mpya. Kuanzia Januari 2026 walitakiwa kuingia sekondari ya juu kwa mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati); sayansi ya jamii; na sanaa na michezo. Juu ya masomo ya lazima huchagua matatu ya mkondo wao. Ndani ya STEM hamna fizikia, kemia na baiolojia peke yake. Kuna kilimo, masomo ya kompyuta, umeme, ujenzi, na hata teknolojia ya bahari na uvuvi, somo ambalo ningelipenda kwa moyo wote kama lingekuwepo zamani zangu, kwa sisi tuliozaliwa na kukulia kando ya maji. Lakini si kila shule inafundisha kila somo, na hapo ndipo nilipomsisitizia kaka yangu: kabla ya kuandika jina la shule kwenye fomu, nendeni mkaione maabara. Muulizeni mtu anayeitunza inafunguliwa mara ngapi kwa wiki, na wanafunzi wangapi hutumia kifaa kimoja.

Binti mwenyewe alikuwa akiogopa fizikia. "Shangazi, wenzangu wanasema ni ya wavulana," aliniambia. Nilimpa nati ile ile ya mjomba, uzi na simu, nikamwambia apime mita moja na ahesabu ishirini. Alipata sekunde 38. Nikamuuliza anaanza kuhesabu wapi.

Jumatatu iliyofuata tulikwenda watatu, yeye, babake nami, kuziangalia shule mbili za kisiwani. Ya kwanza maabara ilikuwa imefungwa na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Ya pili tulikuta wasichana wanne wakipasha maji kwenye bika, mabomba yanatoa maji, na mwalimu amekaa pembeni akiwaacha wafanye wenyewe. Jioni hiyo binti akajaza fomu: fizikia, kemia, baiolojia.