Alamu ya saa moja, na daktari aliyeacha halafu akarudi

Saa moja asubuhi na saa moja jioni simu ya kaka inalia, hata tukiwa soko la Mwaloni tunachagua dagaa anasimama, anatoa kidonge, anameza. Hiyo ni takrolimasi, inazuia mwili wake usiikatae figo, na hiyo figo ni yangu mimi, nilimpa.

Kabla ya hapo ilikuwa mashine ya kusafisha damu. Mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, na sie kwetu Sengerema kwahiyo ni kuamka usiku kuwahi feri ya Kamanga, jioni anarudi kachoka hata kuongea hawezi, kesho kutwa tena. Na maji ya kunywa anapimiwa kikombe. Mtu kazaliwa kando ya ziwa anapimiwa maji jamani, hiyo iliniuma kuliko vyote.

Sasa baada ya upasuaji nikataka kujua hiki kidonge kimetoka wapi. Kumbe ni bakteria wa kwenye udongo wa Japani, karibu na mlima Tsukuba, waligunduliwa 1984, na waliothubutu kuwapa wagonjwa dawa yake kwa mara ya kwanza ni daktari Thomas Starzl na timu yake kule Pittsburgh, Marekani, 1989. Basi nikaanza kumsoma huyu mzee na sijaacha mpaka leo.

Wengi wanamtaja kwa kuwa wa kwanza kupandikiza ini la binadamu. Mi nakaa kwenye ile siku yenyewe, tarehe 1 Machi 1963, Denver, Marekani, mgonjwa mtoto wa miaka mitatu, damu ikagoma kusimama, mtoto akafia pale pale mezani. Akajaribu kwa wengine, nao hawakufika mbali, hata mwezi haukuisha. Akaacha. Miaka kama mitatu hivi hakugusa ini la mtu, karudi maabara kwa mbwa wake wa majaribio anatafuta kosa liko wapi, huku upande wa figo anaendelea, maana yeye ni mmoja wa walioonyesha kwamba ukichanganya dawa mbili, azathioprini na prednisoni, mwili ukianza kukataa figo unaweza kurudishwa nyuma. Zamani ikikataa ndo basi. Halafu Julai 1967 akapandikiza ini kwa mtoto wa mwaka na nusu na yule mtoto akaishi zaidi ya mwaka.

Yani nafikiria sana, mtu umefiwa na mtoto mikononi mwako, unaamkaje kesho kwenda maabara? Na yeye mwenyewe alikiri alikuwa akiogopa kupasua, anaumwa na hofu kabla ya kila operesheni. Kwangu mimi huo ndo ukubwa wake, kuliko hata ile sifa ya kuwa wa kwanza. Aliweka kisu chini 1991, utafiti akaendelea nao.

Watu huku wananiuliza sana, figo zake za zamani zilitolewa? Hapana, kwa kawaida zinaachwa, mpya inawekwa chini ya tumbo karibu na kinena, mishipa inaungwa pale, ukipapasa unaisikia kabisa. Mi na moja yangu naishi, nalima, napanda kilima cha Bugando bila shida. Na balungi kaka haruhusiwi kabisa, linapandisha dawa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Ila ombi langu kubwa kwa mwenye mgonjwa wa hivi nyumbani, usimwache aruke dozi eti kwa sababu anajisikia mzima, ule uzima ni wa hizo dawa, mwili haujaisahau figo kwamba ni ya mgeni.

Starzl alifariki Machi 2017, na Novemba ya mwaka huo huo Muhimbili wakafanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa Tanzania, mwaka uliofuata Dodoma nao wakaanza. Nilimweleza mama yote haya jioni moja tumekaa nje, akanyamaza muda mrefu. Mwezi wa kuwaombea marehemu ulipofika akaniambia, mwanangu niandikie jina la yule daktari. Nikamwandikia kwenye kikaratasi, akalipeleka kanisani pamoja na majina ya babu na bibi.