Mzazi mwenzangu wa Texas, usiyafute masomo ya kuchagua

Kila mwaka unapoanza, simu za wazazi wenzangu hapa Dallas hufanana. Mtoto yuko darasa la nane, amerudi na fomu ya kuchagua masomo ya sekondari, na baba au mama ananiuliza: hili la kuchomelea vyuma litamsaidia nini? Hili la upishi? Si bora aongeze fizikia? Jibu langu halibadiliki, na safari hii nimeamua kuliandika ili nikiulizwa tena nilitume: mwacheni achague, tena kaeni naye mchague pamoja.

Najua hofu inatoka wapi. Wengi wetu tumekua tukiambiwa ufundi ni wa aliyekosa nafasi ya kidato cha tano, na sayansi kimu ni ya wasichana wanaosubiri kuolewa. Tulisema hivyo huku shule za ufundi kama Ifunda na Moshi zikitoa watu waliojenga nchi. Sasa hata nyumbani Tanzania mambo yamegeuka: Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali sekondari. Kwa hiyo anayeshikilia dharau ile akiwa huku ughaibuni anashikilia kitu ambacho kwao kimeshaanza kuachwa.

Sasa hesabu ya Texas. Cheti cha kawaida cha sekondari kinataka krediti 22, yaani pointi za masomo aliyoyafaulu, na 5 kati ya hizo ni za masomo ya kuchagua. Tangu sheria ya 2013, mwanafunzi anapoingia darasa la tisa hutaja mchepuo mmoja kati ya mitano, yaani eneo la masomo atakalolikazania, na akiukamilisha humaliza na krediti 26. Kuna mchepuo wa biashara na viwanda, kuna wa utumishi wa umma ambamo fani za afya zimo, na mingine. Mzazi anayeniambia mwanawe analenga kumi bora, ile asilimia 10 ya juu ya darasa ambayo kwa sheria ya 1997 huingia vyuo vikuu vya umma vya Texas bila kubahatisha (isipokuwa Chuo Kikuu cha Texas cha Austin, kinachochukua asilimia ndogo zaidi), namkumbusha jambo moja: ili upate nafasi hiyo, kwa kawaida lazima uwe umekamilisha mchepuo. Ni kweli wilaya nyingi huyapa uzito zaidi masomo ya ngazi ya chuo wakati wa kupanga nafasi za wanafunzi, na mtoto anaweza kushuka kidogo kwa kuchukua somo la ufundi. Mimi ningekubali ashuke.

Kwa nini? Kwa sababu kuna mambo sisi wazazi hatuwezi kuwafundisha. Tunaweza kuwafundisha heshima, kazi na kuweka akiba kwenye kikoba. Lakini tulifika hapa watu wazima, na fomu ya W-4, ile inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, tuliijaza siku ya kwanza ya kazi kwa kumchungulia jirani. Ukiijaza vibaya, kodi inaweza kukatwa pungufu mwaka mzima, halafu Aprili unadaiwa. Mwaka 2021 sheria ya Texas ilimruhusu mwanafunzi kusoma fedha binafsi pamoja na uchumi, badala ya uchumi peke yake. Nimeyaona madaftari ya somo hilo. Wanachukua slipu ya mshahara ya kijana aliyefanya kazi saa 20 kwa dola 12, jumla dola 240, kisha wanashuka mstari kwa mstari: asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii, asilimia 1.45 ya bima ya afya ya wazee. Dola 18.36 zimeshaondoka kabla kodi ya mapato haijaguswa. Ukurasa unaofuata ni kadi ya mkopo: deni la dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Riba ya mwezi wa kwanza ni kama dola 20, kwa hiyo anayelipa dola 25 amepunguza deni kwa dola 5 tu. Mtoto wa miaka 16 akishaipiga hesabu hiyo kwa mkono wake, tangazo la kadi ya mkopo halimpati kirahisi atakapofika chuo.

Halafu kuna CNA, uuguzi msaidizi, kazi iliyotulisha wengi wetu tulipofika. Sisi tuliilipia kozi mfukoni, tukisoma usiku baada ya zamu. Sekondari nyingi huku zinaifundisha ndani ya ratiba ya shule. Sheria ya nchi inataka saa zisizopungua 75. Texas inataka 100, na 40 kati ya hizo ni kwa wagonjwa wenyewe. Mpwa wangu aliichukua. Jioni alimkalisha mama yake ukingoni mwa kitanda, kiti cha magurudumu cha kuazima kando, akamfunga mkanda wa kunyanyulia kiunoni, akapitisha vidole kuhakikisha haujabana. Mama mtu, ambaye kazi hiyo ameifanya miaka, akataka kuinuka. "Mama, subiri, sijafunga breki! Na sijakueleza ninachotaka kufanya." Akaanza upya: akajitambulisha, akasema atamhamisha aende wapi, akakagua viatu, akafunga breki magurudumu yote mawili. Dada yangu alitii kila agizo, na aliponipigia baadaye sauti yake ilikuwa na fahari ambayo sijaisikia hata siku za matokeo ya hesabu.

Kijana mwingine wa jamaa zetu alisoma somo hilohilo, akagundua uuguzi hauwezi kabisa. Amelijua hilo kabla hajakopa hata senti ya chuo.

Ila yachagueni mapema. Masomo haya huenda kwa mfuatano, la kwanza linafungua la pili, na anayeanza darasa la kumi na moja mara nyingi hafiki kwenye cheti. Fomu ikija, omba miadi na mshauri wa wanafunzi, nenda na mtoto, na uliza wazi: somo hili linaishia kwenye cheti gani? Ada ya mtihani wa leseni analipa nani? Mafunzo yakiwa nje ya shule, basi lipo? Na akibadili mawazo darasa la kumi, krediti alizokwishapata zinahesabiwa wapi?