Jinsi tulivyojifunza kuonja mafuta ya alizeti kiwandani Usagara

Mwaka jana kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wengi ni akina mama wanaokaanga na kuuza samaki Kirumba, jijini Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, kilinunua kwa pamoja madumu sita ya lita 20 ya mafuta ya alizeti kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyetuuzia kwa bei ya kuvutia. Dumu la kwanza lilipanda povu hadi likafurika karai na kumwagikia mkaa. La tatu halikutoa povu jingi, lakini sato waliokaangwa humo walitoka na harufu ya gunia lililolala uani usiku wa mvua, na wateja wawili walirudisha sahani. Mimi ndiye katibu wa kikundi, na ndiye niliyependekeza tununue kwa pamoja. Kwa hiyo nililiona suala hili kuwa deni langu kwa wenzangu.

Katika kutafuta namna ya kujikinga siku nyingine, nilisoma jinsi wenzetu wa nchi zinazolima mizeituni wanavyofanya. Hispania, Italia na Ugiriki, wenye vinu vya kukamulia huwafungulia wageni milango, wakawaonyesha matunda yanavyosagwa, kisha wakawaketisha mezani kuonja. Kuonja kwenyewe ni kazi yenye kanuni. Baraza la Kimataifa la Zeituni, ambalo makao yake yako Madrid, limeweka utaratibu wa jopo la waonjaji 8 hadi 12, glasi yenye rangi nzito ili mwonjaji asiyaone mafuta, na joto la digrii 28 ili harufu ipande vizuri. Mafuta ya daraja la juu kabisa hayaruhusiwi kuwa na tindikali huru inayozidi asilimia 0.8, wala kasoro hata moja ambayo jopo limeitambua. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba uchungu ulimini na ukali unaokwaruza koo hadi mtu akakohoa huhesabiwa kuwa sifa njema. Nilijiuliza kwa nini sisi tunaokula mafuta kila siku hatujawahi kuketi hata mara moja kuyaonja yenyewe, bila samaki na bila chumvi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwenda kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba. Kanda hii ni ya pamba. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lililoanzishwa mwaka 1955 likiongozwa na Paul Bomani lilijengwa juu ya zao hilo, na wengi wetu tumekulia mafuta ya mbegu zake. Kiwanda nilichokiendea kilikataa kupokea wageni, na sikukilaumu, kwa sababu fundi mmoja alinitoa getini akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli, inayoulinda mmea dhidi ya wadudu, na mafuta ghafi yanayotoka kwenye mashine huwa nayo. Hayafai kuonjwa hata kidogo mpaka yasafishwe kwa kostiki soda na hatua nyingine zinazofuata. Ng'ombe huweza kustahimili mashudu ya pamba kwa kiasi, ndiyo maana wafugaji wetu huwanenepeshea, lakini kuku na nguruwe hudhurika. Nilirudi nyumbani nikishukuru kwamba sikuwa nimewapeleka akina mama 13 kunywa kitu cha namna hiyo kwa kutojua.

Alizeti haina tatizo hilo. Niliulizia kwa wauza mashudu ya kuku wa Buhongwa, maana wao ndio wanaojua kila mashine ilipo, wakanielekeza kwenye kiwanda kidogo kilichopo Usagara, kando ya barabara ya kwenda Shinyanga. Nilikwenda peke yangu kwanza. Msimamizi wake, mzee wa makamo ambaye mikono yake iling'aa mafuta hadi kwenye viwiko, alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, mayu", akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, watu huja hapa kununua mafuta au mashudu. Wa kuja kunusa ndio ninyi wa kwanza." Hata hivyo alikubali, kwa masharti kwamba tuje Jumanne, siku ambayo mashine ingekuwa inafanya kazi mfululizo, tuvae viatu vya kufunika vidole, na asiwepo mwenye kanga au mtandio unaoning'inia, kwa sababu mikanda ya mashine haina huruma. Nilimwomba pia jambo moja zaidi: atuwekee chupa ya mafuta yaliyokamuliwa kutoka mbegu zilizoharibika, kama anayo. Alicheka kidogo, akasema anayo, kwani huwaonyesha wakulima wanaobishana naye juu ya bei.

Kila mwanachama alichanga shilingi 5,000, tukakodi Hiace, tukaondoka Kirumba saa mbili asubuhi tukiwa 14 pamoja nami.

Nilidhani tungeanzia kwenye mashine, lakini mzee alitupeleka ghalani, na tulikaa huko karibu saa nzima. Naona sasa kwamba alikuwa sahihi. Zeituni ni tunda bichi. Mafuta yake yamo katika nyama ya tunda, na mkulima hulazimika kulifikisha kinuni mapema baada ya kulichuma, kabla halijaanza kuchachuka. Alizeti ni mbegu kavu, huvunwa kwa wingi kati ya mwezi wa tano na wa saba, na inaweza kukaa ghalani miezi mingi kabla ya kukamuliwa. Ubora wake hupatikana au hupotea katika miezi hiyo. Mzee alituambia tuingize mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Katika gunia la kwanza mbegu zilikuwa baridi, zikiteleza vidoleni na kutoa mlio mkavu kama mchanga. Katika gunia la pili, lililotengwa karibu na mlango, mkono ulikutana na uvuguvugu katikati, ijapokuwa juu mbegu zilionekana sawa kabisa. "Hilo joto si la jua," alisema. "Mbegu zilifungwa na unyevu, sasa zinapumua na ukungu umeanza." Alieleza kwamba mbegu ya kuhifadhi inapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 8 au 9, na kwamba yeye, kabla ya kupima kwa kifaa, huimenya mbegu na kuitafuna. Tulitafuna zote mbili. Kiini cha mbegu ya gunia la kwanza kilikuwa cheupe na kitamu, chenye utamu wa karanga mbichi. Cha pili kilikuwa na rangi ya majani makavu, na baada ya kukimeza kiliacha uchungu mbaya nyuma ya ulimi, tofauti kabisa na uchungu ule unaosifiwa katika zeituni.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye mashine. Mbegu hupita kwanza kwenye chekecheke la umeme linaloondoa mawe, vijiti na makapi, kisha huingia kwenye mdomo wa ekspela, ambamo parafujo nene ya chuma inazisukuma na kuzibana hadi mafuta yanapenya kwenye nafasi nyembamba za ukuta wake na kutiririka chini, ilhali mashudu yanatokea mwisho yakiwa vipande vyembamba, vya moto, vyenye umbo la kigae kilichojikunja. Mafuta yanapotoka si ya dhahabu kama tunavyoyaona dukani. Ni meusi meusi, mazito, yamejaa chembe, na ni ya moto kiasi kwamba mwenzetu aliyejaribu kuyagusa aliondoa kidole haraka. Nilimuuliza mzee kuhusu kukamua kwa baridi, kwa kuwa katika zeituni za Ulaya maneno hayo huruhusiwa tu pale ambapo joto halikuzidi digrii 27. Alijibu kwamba mashine kama yake haiwezi, kwa maana msuguano wa parafujo wenyewe ndio unaopasha, na mbegu hurudishwa mara ya pili ili mafuta yaliyobaki yatoke. Jibu hilo la wazi lilinifanya nimwamini katika mambo mengine yote.

Gunia lililopimwa mbele yetu lilikuwa na kilo 60, na baada ya kupitishwa mara mbili lilitoa takribani lita 16. Mafuta hayo huachwa kwenye mapipa siku kadhaa ili mashapo yatue, kisha husukumwa kwa pampu kupitia chujio la vitambaa vilivyobanwa baina ya sahani za chuma. Hapo ndipo nilipouliza juu ya lile povu letu. Mzee alieleza kwamba mafuta ambayo hayajasafishwa kiwandani bado huwa na utomvu wa asili wa mbegu, na yakiuzwa kabla hayajatulia huwa pia na maji kidogo. Vitu hivyo viwili vikikutana na moto mkali hufanya povu. Dawa yake ni kuyaacha yatulie vya kutosha na kuyapasha polepole kwenye moto mdogo hadi povu lishuke, ndipo samaki aingie. Kumbe dumu letu la kwanza halikuwa limeoza wala kuchanganywa na kitu, kama tulivyomtuhumu yule muuzaji. Lilikuwa na haraka tu. Lililokuwa bovu ni lile la tatu, ambalo halikutoa povu jingi. Tulikuwa tumehukumu kwa macho, na macho yalituelekeza pasipo.

Kwa ajili ya kuonja nilikuwa nimebeba vikombe vidogo vya kahawa, vile vya wauza kahawa chungu, pamoja na visosi vya kuvifunikia, chupa za maji ya vuguvugu na matango yaliyokatwa. Mchana wa Mwanza hukaribia zile digrii 28 zenyewe, kwa hiyo hatukuhitaji kupasha chochote. Tuliketi kwenye mabenchi chini ya mwembe ulio nje ya ghala, mbali na harufu ya mashine, na kila mmoja alifungwa kanga machoni. Mimi na mzee tu ndio tuliojua kilichomo. Kikombe cha kwanza kilikuwa na mafuta ya mbegu nzuri yaliyotulia siku kumi. Cha pili, mafuta ya mbegu zenye ukungu. Cha tatu, mafuta mazuri yaliyokaa miezi miwili katika chupa nyeupe juani, kama yanavyopangwa kando ya barabara. Cha nne, mafuta ya dukani yaliyosafishwa kiwandani. Niliwaomba wafunue kisosi, wanuse mara moja kwa nguvu, kisha wachukue nusu kijiko cha chai, wayazungushe mdomoni, wavute hewa baina ya meno na kuitoa puani kabla ya kumeza.

Kati ya watu 13, 11 walikikataa kikombe cha pili kwa kunusa tu, na mmoja alisema papo hapo, "Hili ndilo dumu letu." Kikombe cha tatu kiliwasumbua. Mwanzoni wengine walikisifu kwamba kina harufu ya karanga za kukaanga, lakini walipomeza walikunja uso, kwa sababu ladha ya kuchacha huja nyuma, kooni, na hukaa. Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote, na nawasihi wenzangu wanaonunua mafuta ya chupa zilizopigwa na jua wasiridhike na harufu ya kwanza. Juu ya kikombe cha nne mama mmoja wa Igogo alinena vizuri kuliko mimi ambavyo ningeweza: "Haya hayasemi kitu." Hayakuwa mabaya. Usafishaji huondoa harufu na utomvu, ndiyo maana huvumilia moto mkali bila kutoa moshi mapema, na kwa kukaangia sangara wengi siku nzima bado nayaona yanafaa. Lakini walipokirudia kikombe cha kwanza, kwa kipande cha muhogo wa kuchemsha tulichochovya, walinyamaza. Kilikuwa na harufu ya mbegu iliyomenywa sasa hivi, utamu mwepesi, na kilipita kooni bila kuacha utando.

Tulinunua lita 40 siku hiyo, na mzee akaandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe ya kukamua juu ya kila dumu, jambo ambalo sikumwomba na ambalo sasa tunalidai kwa kila anayetuuzia. Nyumbani nimeyahamishia kwenye dumu la rangi ya bluu na kuliweka chini ya meza, penye kivuli. Wanachama wetu wanne wameanza kubeba kikombe cha kahawa mkobani wanapokwenda kununua. Wiki mbili zilizopita mmoja wao alirudisha dumu zima kabla ya kulilipia, na muuzaji, baada ya kunusa mwenyewe, hakubishana.

Mwezi wa saba, mbegu mpya zitakapoanza kuingia, tumekubaliana na mzee kwamba tutamletea magunia kumi tuliyonunua wenyewe kwa wakulima. Ameahidi kutukamulia kwa siku moja, na sisi tumeahidiana kwamba hakuna gunia litakalopakiwa kwenye gari kabla mmoja wetu hajaingiza mkono hadi kwenye kiwiko.