Bembea ya Kulalia, Juma la Tatu: Pindo za Ubavuni

Jana jioni nilifumua upindo mzima wa ubavu mmoja wa bembea ninayoishona, mita 3 kamili, kwa sababu nilipoitundika barazani na kuketi kwa mara ya kwanza nilisikia uzi ukikatika, pa, pa, pa, kuanzia katikati kuelekea kichwani. Kitambaa chenyewe hakikudhurika. Ni nailoni nyepesi ya upana wa mita 1.5 niliyoinunua Barabara ya Biashara, na nilikuwa nimeipinda mara mbili, sentimita 1 kila mkunjo, hata ncha za nyuzi zisionekane.

Niliipeleka Majengo kwa mzee mmoja anayeshona maturubai, naye akaushika upindo kwa vidole gumba viwili, akauvuta, akasema: "Mwanangu, kitambaa kinavutika, lakini uzi umeukaza mno, hauna pa kwenda." Ndivyo ilivyokuwa. Nailoni hunyumbuka ikibeba mtu, ilhali mshono ulionyooka hunyumbuka kwa kadiri ya uzi uliolala ndani yake tu. Mimi niliukaza uzi wa juu wa cherehani nikiamini kwamba kukaza ndiko uimara, tena nikaweka mishono mirefu, kila mmoja milimita 4, kwa hiyo upindo ukawa mfupi kuliko kitambaa kilichopakana nao, ukabeba uzito ambao haukuwa wake. Dalili ilikuwapo tangu mezani: vikunyanzi vidogo vidogo mfululizo, ambavyo nilidhani pasi ingeviondoa.

Sasa nashona kwa milimita 2.5, uzi wa poliesta umelegezwa, na mikono imekishika kitambaa mbele na nyuma ya sindano pasipo kukivuta. Kipande cha majaribio cha sentimita 30 nilikivuta kwa nguvu zangu zote na hakuna uzi uliokatika. Uzi wa pamba siutumii, kwa kuwa huoza upesi penye unyevu.

Ubavu wa pili ulikuwa na ukingo wa kiwandani, ule usiofumuka, nami nilikusudia kuuacha ulivyo. Bembea ilipotundikwa, ukingo huo ulisimama kama kamba huku upande wa pili ukilegea, kwani nyuzi zake zimesongamana na hazivutiki sawa na kitambaa kingine. Nimeukata sentimita 1.5, nikaupitisha ukingo mpya haraka karibu na mwali wa mshumaa, pale chini pasipotoa masizi, ili nyuzi zishikane, kisha nikaupinda sawa na mwenzake. Palipoyeyuka kupita kiasi pamefanya vitone vigumu vinavyokwaruza ngozi, hivyo nimevificha ndani ya mkunjo wa kwanza.

Zimebaki ncha mbili za kichwani na miguuni, na hizo ndizo zitakazobeba uzito wote: upindo wa sentimita 4, mistari 3 ya mshono, na nafasi ya kamba kupita ndani.