Skana Iliyokufa Umeme Ulipokatika, na CD Iliyokuwa Inafukuza Ndege Bustanini

Watu watatu walinihakikishia kwamba skana yangu imeungua. Wa kwanza ni fundi wa redio na TV aliye jirani na stesheneri yangu hapa Morogoro. Hata kuifungua hakuifungua. Aliinusa tu, kweli aliinusa kama mtu anayechagua samaki sokoni, akasema, "Bodi hiyo imeshaondoka, kaka." Wa pili ni shemeji, ambaye kwake hata mvua isiponyesha kosa ni la Linux, ule mfumo wa kompyuta ninaoutumia badala ya Windows. Wa tatu ni mimi mwenyewe, na huyo sijamsamehe mpaka leo.

Skana yenyewe ni Epson Perfection 2480 Photo, ya zamani, ile yenye taa nyingine ndani ya kifuniko kwa ajili ya mikanda ya picha. Niliipata Kariakoo, mtumba, kwa elfu sabini na kitu, labda themanini ukijumlisha na bodaboda. Ilikuja na adapta yake ya umeme na CD yake. Kile kifaa cha plastiki cha kushikia mikanda hakikuwemo, na mimi sikujua hata kama kinatakiwa kuwemo. Sikuinunua kwa ajili ya vyeti vya wateja, kazi hiyo mashine ya kutolea kopi inaiweza. Niliinunua kwa sababu ya kopo la biskuti.

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha Tanga miaka ya themanini. Studio haipo tena, mjomba yupo, na negativu zake alizitunza ndani ya kopo la biskuti, zimekatwa vipande vya picha sita sita, kila kipande kimeviringiwa karatasi. Akanitumia kwa basi, halafu akaanza kupiga simu kila jioni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, umeshatoa?" Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba, kwa hiyo anayesikiliza pembeni asingejua nani anamdai nani.

Kompyuta ya dukani ilikuwa na Windows ya zamani upande mmoja na Linux Mint upande wa pili. Ile Windows niliiacha tu, kama mtu anavyoacha viatu vilivyotoboka nyuma ya mlango. Siku ya kwanza nikaanza nayo kwa sababu CD ilikuwa ya Windows. Skana ikanguruma, taa ikatembea, kazi ikatoka. Nikazima Windows nikaingia Linux, nikafungua programu ya kuskani iliyomo humo humo, na skana ikafanya kazi vile vile! Sikutafuta draiva (programu ya kuiongoza skana), sikugusa kitu. Nikampigia shemeji papo hapo, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Usiku ule ule, kiburi kikiwa bado moto, nikaifuta Windows. Gigabaiti mia na ushee zikarudi mikononi mwangu. Nikajaribu skana tena kabla ya kufunga duka: safi. Kesho yake: safi. CD nikaiona haina kazi, nikampa mke wangu.

Siku ya tatu mchana umeme ukakatika. Ukarudi jioni kwa ule mshtuko wake unaofanya taa zing'ae mno kwanza halafu zitulie. Kuanzia hapo skana haikutoa hata mstari mmoja.

Sasa jiweke mahali pangu. Kitu kilikuwa kinafanya kazi, umeme ukakatika, umeme ukarudi, kitu hakifanyi kazi. Nani asingesema kimeungua? Ndipo nikambebea fundi akainusa.

Kilichonizuia kuitupa ni kitu kidogo. Nilipoandika `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, skana ilijitaja: 04b8:0121, ndiyo yenyewe kabisa. Nikaandika `scanimage -L`, inayoorodhesha skana, ikajitaja tena, kwa njia ya snapscan, ambayo ndiyo draiva yake ndani ya SANE, ule mfumo ambao Linux huendeshea skana. Maiti haiitiki jina lake. Lakini nikiiamuru iskani, jibu lilikuwa moja tu: "Invalid argument". Yaani hoja uliyoleta haifai. Hoja ipi? Mimi nimeomba picha tu!

Kabla ya kuendelea niseme kuhusu ushauri niliopewa, maana ulinipotezea wiki nzima. Kijana mmoja wa chuo aliniambia niendeshe kila kitu kwa `sudo`, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Nikaendesha, jibu likawa lile lile. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba tatizo si ruhusa. Tatizo la ruhusa lina dalili yake: kwa `sudo` inakubali, bila `sudo` inakataa, na hapo mara nyingi dawa ni kujiongeza kwenye kundi la `scanner`, kisha utoke na uingie upya. Mwingine akaniambia nitumie `chmod 666`, amri ya kumfungulia kila mtu ruhusa, kwenye faili la kifaa ndani ya /dev/bus/usb. Nikafanya kama mjinga, nikachomoa waya na kuuchomeka, namba ya kifaa ikabadilika, nikafanya tena, ikabadilika tena. Nilikuwa nafungua mlango wa nyumba ambayo kila asubuhi inahama mtaa.

Ushauri uliokuwa na akili kidogo ulihusu soketi. Kuna skana za zamani zinazogoma kwenye soketi za USB 3, zile za bluu, na SANE ina swichi yake kwa hilo: unaandika `SANE_USB_WORKAROUND=1` mbele ya amri. Nikajaribu, nikahamia na soketi nyeusi za nyuma. Wapi. Shemeji yeye alikuwa na neno moja tu, "Rudisha Windows", na alilisema kwa utaratibu wa mtu anayefaidi.

Kilichonifungua macho ni kuacha kuuliza watu na kuiuliza mashine. Draiva za SANE ukizibembeleza zinasema kila kitu:

`SANE_DEBUG_SNAPSCAN=255 scanimage > /dev/null`

Maandishi yakamwagika kama mtama. Nikayasoma polepole kutoka chini kwenda juu (anzia chini, kule juu ni salamu tupu), na katikati pale nikaona inalalamika kwamba imeshindwa kufungua faili la firmware, yaani programu dhibiti. Na jina la faili inalolitafuta lilikuwa `your-firmwarefile.bin`. Faili-lako-la-programu-dhibiti! Ni jina la mfano tu lililowekwa ndani ya /etc/sane.d/snapscan.conf, likimsubiri mtu aje aandike la kweli. Mtu mwenyewe ni mimi.

Nilikaa kwenye stuli nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama nauza au sifungui leo. Kumbe skana hii haihifadhi akili yake yenyewe. Kila ikipata umeme inaamka haijui kitu, inasubiri kompyuta iimiminie programu dhibiti kupitia waya wa USB. Ikishamiminiwa inaikumbuka mradi adapta yake ipo ukutani, hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Ile siku ya kwanza Windows ndiyo iliyomimina, na Linux ikaja kuketi mezani chakula kimeshapakuliwa. Mimi nikampigia shemeji simu ya ushindi. Halafu nikamfukuza mpishi. Umeme ulipokatika haukuunguza chochote, ulifuta tu kumbukumbu.

Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa lolote. Nilichohitaji ni faili moja, nalo kwa modeli hii linaitwa esfw41.bin (ndugu yake 3490 anatumia esfw52.bin, usichanganye). Na faili hilo lilikuwa ndani ya CD.

"Mama, ile CD iko wapi?"

"CD gani?"

"Niliyokupa juzi."

"Si iko kwenye mchicha."

Na kweli ilikuwa kwenye mchicha. Mke wangu alikuwa ameifunga kwa uzi juu ya tuta pamoja na wenzake wanne, zikizunguka na kumeta juani ili ndege waogope. Nyingine ilikuwa ya taarabu, nyingine ya harusi ya jirani yetu mmoja ambaye ndoa yenyewe haikufika mbali. Ndege, kwa taarifa yenu, hawakuwa wanaogopa. Mmoja alikuwa ametua kwenye kijiti kile kile na kuiachia CD yangu zawadi.

Nikaiosha kwa maji na sabuni. Ilikuwa imekwaruzwa na upepo, inagongana na wenzake. Nikaipaka dawa ya meno ile nyeupe ya kawaida, si ya jeli, nikaisugua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Kompyuta bado ikagoma kuifungua. Hapo ndipo najisifu, na mniruhusu: sikuendelea kuilazimisha. Niliweka kifurushi cha `gddrescue`, nikaacha programu yake, `ddrescue`, inakili CD yote kipande kwa kipande, ikiruka panapogoma na kurudia baadaye:

`ddrescue -b 2048 /dev/sr0 skana.iso skana.map`

Ilianza alasiri. Kufika isha ilikuwa imevuna karibu yote, yakabaki matobo madogo. Nikafungua ile nakala, skana.iso, nikaingia folda ya ESCAN, na humo mkawa na ModUsd.cab, furushi la mafaili yaliyobanwa, nzima, haina tobo hata moja. `cabextract` ikaipasua, na lile faili likatoka. Nilipiga kelele. Mke wangu akadhani umeme umekatika tena.

Nikalinakili kwenye /usr/share/sane/snapscan/, nikafungua snapscan.conf, nikafuta lile jina la mfano nikaandika esfw41.bin, nikachomoa adapta, nikahesabu mpaka kumi, nikairudisha. Invalid argument.

Sitaeleza saa mbili zilizofuata, ila nilifika mahali pa kumkumbuka yule fundi na pua yake. Kosa likaja kuonekana nikiwa nimeshakata tamaa, nimeorodhesha tu mafaili: kwenye CD jina limeandikwa Esfw41.bin, kwa E kubwa. Windows haijali herufi kubwa na ndogo. Linux inajali kama karani wa zamani wa uhamiaji. Nikabadilisha herufi moja. Taa ikawaka, ikatembea, ikarudi. Sasa nina nakala ya faili hilo kwenye barua pepe, kwenye flashi mbili, na kwenye simu ya mke wangu bila yeye kujua.

Upande wa negativu ulikuwa vita vyake, vifupi zaidi. Jaribio la kwanza lilitoa weusi mtupu kwa sababu sikubandua lile godoro jeupe la ndani ya kifuniko. Taa ya juu ilikuwa inamulika plastiki. La pili nilitumia dpi 300 (nukta kwa inchi) kama ninavyofanya kwa vyeti. Picha moja ya mkanda ina milimita 36 kwa 24, kwa hiyo nilipata kitu cha pikseli 425 kwa 283, ukubwa wa stempu. Kwa 2400 unapata kama 3400 kwa 2267, na hapo hata mshono wa kola unaonekana.

Kile kifaa cha kushikia mikanda nilikitengeneza kwa boksi la viatu lililopakwa wino mweusi. Kikatoa picha zenye mistari mirefu kutoka juu hadi chini. Nikasafisha kioo mara nne. Kumbe boksi langu lilikuwa limeziba eneo la mwanzo wa kioo, pale taa inapojipima kabla ya kuanza kazi. Nikakata dirisha hapo, mistari ikaisha. Amri yangu ni hii:

`scanimage --source "Transparency Adapter" --mode Gray --resolution 2400 --format=tiff > picha.tiff`

Halafu `convert picha.tiff -negate tayari.tiff`, na watu weupe wenye meno meusi wanageuka kuwa ndugu zangu. Zile za rangi zina ule utando wa chungwa, hizo nazifanyia kwenye XSane, programu nyingine ya kuskani, ambayo ina mipangilio ya negativu za kampuni mbalimbali. Sehemu kubwa ya kopo la mjomba ni nyeusi na nyeupe, nashukuru.

Nikamtumia picha kumi za kwanza kwa WhatsApp. Akapiga simu baada ya dakika mbili.

"Mjomba, huyu aliyesimama mlangoni ni nani?"

"Si ni wewe, mjomba."

"Mimi saa navaa mkono wa kushoto tangu nizaliwe. Huyu kavaa kulia."

Nilikuwa nimelaza mikanda kwa upande usio wake, picha zikatoka kulia kushoto. Upande unaong'aa ndio unaotakiwa kulala juu ya kioo, na ukiangalia kutoka upande huo, namba za pembeni na jina la filamu vinasomeka sawa. Mjomba alinieleza hayo kwa simu, bila kuwahi kugusa skana maishani mwake, kisha akaniuliza kama nafuta vumbi kwa brashi au kwa shati. Nikasema brashi.

Jioni ile nikanunua brashi. Picha kumi nilizigeuza kulia kushoto kwa `convert` na `-flop`, amri moja, sekunde chache, na nikamwambia nimeziskani upya zote.