Mwaka wa kuchapa bunilizi na mashairi Mombasa: tunavyoupanga

Sisi ni wachapishaji wadogo, na kwa mwaka tunatoa vitabu vitatu: viwili vya bunilizi, yaani mkusanyiko wa hadithi za kubuni za kisayansi na za maajabu na riwaya fupi moja, halafu diwani moja, yaani kitabu cha mashairi. Vikizidi hapo mhariri mmoja na mpangaji kurasa mmoja hawaviwezi, na pesa hulala kwenye maboksi. Ratiba tunaihesabu kinyumenyume. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi kwa kawaida huwa Septemba, kwa hiyo vitabu viwe vimefika Agosti, chapa iwe Julai, mafaili yafungwe Juni. Uhariri ni Februari hadi Mei, na miswada hupokelewa mwisho wa mwaka uliotangulia. Kuna faida nyingine ya mpango huu: Mei ndio mwezi wa mvua kubwa Pwani, na si mwezi wa kuingiza karatasi mpya stoo.

Hadithi tunazitaka za maneno 3,000 hadi 7,000. Maneno ya Kiswahili ni marefu, hivyo ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 hubeba kama 270. Hadithi kumi za wastani wa maneno 5,000 ni kurasa 185; ukiongeza kurasa za mwanzo unagota 192, yaani kunjo 12 za kurasa 16 (kunjo ni karatasi kubwa ya chapa inayokunjwa ikatoa kurasa 16). Kitabu kikiishia 195 unalipia kunjo lisilojaa, kwa hiyo kata hadithi au punguza nafasi ya mistari kabla hujaenda kwa mpiga chapa.

Kila kitabu kina karatasi yake ya maamuzi. Kwa bunilizi, uamuzi wa kwanza ni ngeli. Roboti imesema au roboti amesema? Tunaamua hadithi kwa hadithi: mashine ikiwa chombo tu, I-ZI, ikiwa mhusika mwenye nia, A-WA. Mwandishi akibadilisha katikati kwa makusudi, tunaandika namba ya ukurasa ili msoma prufu asije "akamsahihisha". Kitenzi mtu hukiona upesi. Makosa hujificha kwenye "yake", "hiyo", "ambayo". Yatafute moja moja kwenye kompyuta. Kuhusu majini, msomaji wa Mji wa Kale hahitaji aya tatu za kuelezwa jini ni nini, nazo tunazifuta bila huruma. Anachohitaji ni kujua mapema jini huyu anaweza nini na hawezi nini, la sivyo mwisho wa hadithi unakuwa kiini macho.

Diwani ndiyo kazi ngumu, na wengi huidharau kwa kuwa ina maneno machache. Utenzi una mizani (silabi) 8 kwa mshororo; shairi la kawaida la tarbia, lenye mishororo minne kila ubeti, lina 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na nane utao (nusu ya pili), na vina pande zote mbili. Programu za kuhesabu silabi usiziamini: m ya "mtu" ni mizani kamili, ya "mwana" siyo. Mhariri asome kwa sauti, tena kwa mahadhi, hapo ndipo mshororo uliopungua huchechemea. Halafu kuna lahaja. Mshairi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, akifunga vina kwa "joto", "mvuto" na "mato", mhariri akaweka "macho", mizani inabaki sawa lakini kina kimekufa. Sheria yetu ni kwamba kwenye ushairi lahaja haiguswi. Neno gumu linafafanuliwa mwishoni mwa kitabu.

Mshororo wa mizani 16 una herufi 36 hadi 45 pamoja na nafasi. Kwenye A5 yenye upana wa maandishi wa milimita 110 unakaa vizuri. Kwenye kitabu cha mfukoni cha A6 unakunjika, na utao ukishuka mstari wa chini shairi limevunjika, kwa hiyo diwani hatuichapi A6 hata ikiwa rahisi namna gani. Ubeti haukatwi kati ya kurasa mbili. Kwa mistari iliyoachana pointi 15, beti sita za mishororo minne zinaingia ukurasa mmoja na nafasi zake.

Ukatishaji wa maneno uzime mwanzo kabisa. Programu hukata kwa kanuni za Kiingereza, ikatoa "nyum-ba"; Kiswahili hukatwa baada ya irabu, "nyu-mba". Kwenye kitabu cha dijitali weka alama ya lugha "sw", vinginevyo simu ya msomaji itarudia kosa lilelile. Ritifaa ya "ng'ambo" nayo huja ya aina mbili, iliyonyooka na iliyopinda, kutegemea mswada uliandikwa wapi. Igeuze yote iwe moja.

Jalada: rangi za CMYK (mfumo wa rangi nne za chapa), picha za dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), milimita 3 za ziada za kukatwa kila upande. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo kurasa 192, ambazo ni karatasi 96, zinahitaji uti (mgongo wa kitabu) wa milimita 10. Mwambie mpiga chapa nyuzi za karatasi zielekee sambamba na uti. Zikikaa kinyume, hewa ya Pwani hufanya kurasa ziwe mawimbi. Jalada lenye laminesheni (utando wa plastiki) upande mmoja nalo hujikunja nje, maana upande usiofunikwa hunywa unyevu na kutanuka. Gramu 300 hustahimili kuliko 250. Maboksi tunayaweka juu ya mbao, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, kwa ajili ya ukungu na mchwa.

ISBN hutolewa na maktaba ya taifa, KNLS, na toleo la karatasi na la dijitali kila moja lina namba yake. Haki za kipekee au uhamisho wa hakimiliki lazima uwe kwa maandishi yenye saini. Makubaliano ya sauti ya WhatsApp hayatoshi.

Bei tunaipiga mara nne ya gharama ya chapa. Chukua mfano wa nakala iliyochapwa kwa shilingi 200 na kuuzwa 800. Duka likichukua asilimia 40, ni 320, mrabaha wa mwandishi wa asilimia 10 ni 80, chapa 200. Zinabaki 200 za kumlipa mhariri, mchoraji na usafiri. Ukipiga mara tatu tu, bei 600, zinabaki 100, na hapo boksi moja likilowa faida yake imekwenda. Madukani tunaweka mali kauli, yaani duka hulipa baada ya kuuza, kwa hati inayotaja idadi na tarehe ya hesabu, kila miezi mitatu. Anayeuza mkononi hupewa namba ya till (ya kupokea malipo ya simu) ya kitabu husika, kwa sababu pesa zikichanganyika kwenye simu moja, hesabu ya mrabaha ya Desemba haifungiki.